Marekani: Revolva ya zamani kwa safari ya milimani, mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Katika milima ya magharibi ya Marekani, watu wengi wanaotembea kwa miguu porini hubeba bastola kiunoni kwa kuogopa dubu. Baadhi yao huchagua revolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka, na hununua iliyokwisha kutumika kwa sababu mpya ni ghali. Jambo hili linawagusa pia Wakongomani. Familia za kwetu zinazosema Kiswahili zimepokelewa kama wakimbizi huko Boise, katika jimbo la Idaho, na Missoula, katika jimbo la Montana. Kutoka miji hiyo, misitu ya dubu haiko mbali.

Kwetu, anayepanda kutazama gorila wa Virunga huongozwa na walinzi wa mbuga wenye silaha. Kule, mtembeaji mara nyingi yuko peke yake, na silaha aliyonunua kwa bei ya chini inaweza kumuumiza yeye kabla ya kumfukuza mnyama.

Hatari iko kwenye nyundo

Revolva nyingi za mtindo wa zamani, zile ambazo nyundo lazima ivutwe kwa kidole gumba kila unapotaka kufyatua, hazina kizuizi ndani. Nyundo ikiwa juu ya risasi na bastola ikaanguka kwenye jiwe, risasi inaweza kutoka. Ndiyo maana wazee wa kazi hiyo walikuwa wakitia risasi 5 katika silinda ya matundu 6, na kuacha tundu tupu chini ya nyundo.

Kampuni ya Ruger ilibadilisha revolva zake za aina hiyo mwaka 1973 kwa kutia kipande cha chuma kinachozuia nyundo isifikie risasi mpaka kifyatulio kivutwe. Zilizotengenezwa kati ya 1953 na 1972 bado ziko sokoni. Hutambulikana kwa skrubu 3 ubavuni; za baadaye zina pini 2. Kampuni hiyo hutia kipande hicho bila malipo kwa mwenye bastola ya zamani. Kwa hiyo mnunuzi aulize: marekebisho yalifanyika, ndiyo au hapana?

Ukaguzi dukani

Kwanza, fungua silinda na uhakikishe kwamba matundu yote ni matupu. Angalia mara mbili, hata kama muuzaji ameangalia mbele yako.

Kisha funga, elekeza mtutu mahali salama, na uvute nyundo polepole. Silinda lazima ijifunge sawasawa na mtutu kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa kila tundu, kwa sababu moja tu likichelewa, risasi haitaingia mtutuni ikiwa imenyooka. Nyundo ikiwa nyuma, isukume kwa kidole gumba: ikianguka, rudisha bastola kwa muuzaji.

Sukuma silinda mbele na nyuma, isicheze sana. Nafasi kati ya silinda na mtutu huwa karibu milimita 0.10 hadi 0.20. Ikizidi sana, moto na vipande vya risasi hutoka pembeni.

Washa taa ndani ya mtutu utafute kutu na mashimo. Angalia pia mwisho wa mtutu ulio karibu na silinda, kama kuna ufa. Smith & Wesson Model 19, bastola nyepesi inayopendwa, inajulikana kwa kupasuka hapo ikipigwa mara nyingi risasi kali zenye kichwa chepesi. Skrubu zilizochubuka zinaonyesha kwamba mtu asiye fundi aliifungua.

Kaliba na uzito

Wengi huchagua .357 Magnum, kaliba iliyotoka mwaka 1935, kwa sababu bastola yake hupiga pia .38 Special, ambayo ni rahisi kufanyia mazoezi. Kinyume chake hairuhusiwi. Ruger GP100, iliyotoka mwaka 1985, ni imara, lakini ikiwa na mtutu wa inchi 4 ina uzito wa kilo 1.1 hivi bila risasi. Katika maeneo ya dubu wakubwa wa kahawia, kama Alaska, wengi huchukua .44 Magnum, ambayo hurusha mkono kwa nguvu.

Pilipili kwanza

Watafiti wa dubu Tom Smith na Stephen Herrero walichunguza visa vya Alaska. Mwaka 2008 walionyesha kwamba dawa ya pilipili ya kupuliza ilizuia dubu wa kahawia katika visa 92 kwa 100. Mwaka 2012, utafiti wao juu ya silaha haukuona kwamba waliopiga risasi waliumia kidogo kuliko waliokuwa na silaha bila kuitumia. Mbuga ya Yellowstone inawaomba wageni wabebe dawa hiyo na wakae mita 91 mbali na dubu.

Tangu Februari 2010, kubeba silaha katika mbuga za taifa za Marekani kunafuata sheria ya jimbo, lakini kuingia nayo katika majengo ya serkali ni marufuku. Duka lenye leseni huchunguza kwanza rekodi ya mnunuzi. Mwenye ukaaji wa kudumu anaweza kununua. Aliyeingia kwa viza ya matembezi, kwa kawaida, hapana. Dawa ya pilipili inauzwa katika maduka ya vifaa vya porini, na haihitaji uchunguzi huo.