Pembea za Idd na ndoto ya bustani kuu Pwani

Katika utoto wetu, mnamo miaka ya 1980, hapakuwa na furaha iliyotushinda sisi watoto wa Mombasa kuliko ile ya kwenda uwanja wa Makadara siku za Idd. Pembea zilisimamishwa, vijigari vya kuzunguka vikatiwa mafuta, wauza mabuyu, viazi vya karai na sharbati wakajipanga ukingoni, na kila mtoto akawa sultani kwa vijisenti alivyopewa na wajomba na mashangazi. Baada ya siku chache pembea ziling'olewa na uwanja ukarudi kuwa kimya. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja jirani yetu kwa nini pembea zile zisiachwe pale mwaka mzima. Alicheka, akanijibu: “Mwanangu, pembea hufuata pesa. Pesa ya Idd ikisha, pembea nayo imekwisha.”

Nimelikumbuka jibu hilo kila ninaposikia rai, ambayo haikosi kuzuka baada ya kila kitambo, kwamba Pwani yetu inahitaji bustani kuu ya burudani mfano wa zile za Orlando, Paris au Dubai. Wenye rai hiyo hawana nia mbaya. Wanaona hoteli zikihangaika msimu wa masika, vijana wakikaa maskani bila kazi, na wageni wakichoka na mchanga na jua. Wanauliza: kwa nini tusijenge kivutio kikubwa kisichotegemea jua wala bahari? Swali hili ni halali. Hata hivyo, kabla ya kulijibu ni vyema tujiulize jingine la msingi zaidi: je, eneo hili lina uwezo wa kuilea bustani ya aina hiyo, si siku ya kukata utepe tu, bali mwaka wa kumi na wa ishirini?

Msomaji ataniwia radhi nikianza na maneno, kwani ndiyo kazi yangu. Neno “bustani” lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, ingawa asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya awali ni mahali penye harufu nzuri. Kwa hiyo bustani ni mahali panapopandwa, pakamwagiliwa na kupaliliwa, na isiyo na mtunza hugeuka kichaka. Bustani za burudani tunazozizungumzia hapa zina sifa moja zaidi: kila moja hujengwa juu ya hadithi. Pembea na magari yanayoporomoka relini yanapatikana kwa yeyote mwenye fedha za kuyanunua. Kinachomfanya mtu avuke bahari kwenda kuyapanda ni hadithi anayoijua tangu utotoni.

Tuanze na mfano ulio mama wa mifano yote. Walt Disney alipofungua Disneyland huko Anaheim, California, Julai 17, 1955, hakuwa amebahatisha. Miaka miwili kabla ya hapo, taasisi ya utafiti ya Stanford, kupitia mchumi Harrison Price, ilikuwa imechunguza mahali watu walipokuwa wakihamia, barabara kuu zilipokuwa zikielekezwa na hali ya hewa ya kila kitongoji, ndipo yakachaguliwa mashamba ya michungwa ya Anaheim. Tena Mickey Mouse alikuwa keshajulikana tangu mwaka 1928. Kwa maneno mengine, hadithi ilitangulia, watu wakafuata, barabara zikaja, na bustani ikawa ya mwisho. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa na tuipime Pwani kwa mizani hiyo hiyo, tukianza na watu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, kaunti sita za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta, zilikuwa na jumla ya watu wapatao milioni 4.3. Jiji la Nairobi lilikuwa na watu milioni 4.4. Natuchukulie kwamba bustani yetu inahitaji wageni milioni 2 kwa mwaka ili ijilipie, yaani takriban watu 5,500 kila siku, Jumatatu hadi Jumapili, masika na kiangazi. Hicho si kiwango cha ukatili. Disneyland ya Hong Kong, iliyofunguliwa mwaka 2005, ilipata wageni zaidi ya milioni 5 katika mwaka wake wa kwanza, na bado haikuonja faida hadi mwaka 2012.

Tuseme basi kwamba mtu mmoja katika kila kumi wa Pwani ataingia bustanini mara moja kwa mwaka. Hao ni 430,000. Mtu mmoja katika kila kumi wa Nairobi naye atateremka pwani kwa ajili hiyo: 440,000 wengine. Tuwaongeze wageni wote wa ng'ambo wanaotua uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, ambao hata mwaka 2024, Kenya ilipopokea wageni wapatao milioni 2.4, hawakufika laki tatu. Tukijumlisha makundi yote matatu, bado hatujafika milioni moja na robo. Kuna wageni wengine wanaofika pwani kwa njia ya Nairobi, naam, lakini nao hawazibi pengo lililobaki. Na hapo tumechukulia kwamba kila mtalii aliyetoka Ulaya kutafuta bahari na ndovu ataacha vyote viwili akapande pembea ambayo kwao ipo, tena kubwa zaidi.

Hesabu ya mfuko ni nzito kuliko hesabu ya vichwa. Chukua familia ya Nairobi ya baba, mama na watoto watatu wakubwa. Nauli ya daraja la kawaida katika gari-moshi la Madaraka Express, lililoanza safari mwaka 2017 kwa shilingi 700, ilipandishwa hadi shilingi 1,500 Januari 2024. Kwa bei hiyo, kwenda na kurudi kwa watu watano ni shilingi 15,000. Kiingilio kikiwa shilingi 2,000 tu kwa kila mmoja, ni 10,000 nyingine. Zimekwisha kutoka shilingi 25,000 na hakuna aliyekula wala kulala. Familia za kumudu hayo zipo. Ila familia inayoyamudu kila mwaka, huku karo ya shule ikibisha hodi kila muhula, ni nadra kuliko tunavyopenda kukiri. Bustani ya namna hii haiishi kwa mgeni wa mara moja. Huishi kwa yule anayerudi.

Isitoshe, utalii wetu una majira, na una majeraha. Masika yakianza mwezi wa Aprili, hoteli kadhaa hupunguza wafanyakazi na nyingine hufunga milango hadi mvua ipungue. Hilo ni jambo la kila mwaka. Kisha kuna miaka ya misiba: ghasia za Likoni za Agosti 1997, machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 yaliyofuata onyo la usafiri la Uingereza na kuondolewa kwa watalii kwa ndege za kukodi, na janga la korona mwaka 2020. Kila mara hoteli ziliweza kufunga vyumba na kungoja. Bustani ya mitambo haina uwezo huo. Iwe na wageni elfu tano au hamsini, vyuma vyake vyataka kukaguliwa kila asubuhi, umeme walipiwa, deni la benki laendelea kuzaa riba, na hewa ya chumvi ya bahari hairuhusu chuma kulala.

Wako waliotutangulia katika njia hii. Mjini Cape Town, bustani ya Ratanga Junction ilifunguliwa mwaka 1998 katika mji wenye watalii wengi na wakazi wenye kipato kinachoizidi Mombasa kwa mbali. Ilifungwa mwaka 2018. Mjini Ankara, Uturuki, penye watu zaidi ya milioni 5, bustani ya Wonderland Eurasia iliyogharimu takriban dola milioni 800 za umma ilifunguliwa Machi 2019. Haikumaliza mwaka mmoja kabla ya kukatiwa umeme na kufungwa. Hata Disney wenyewe, walipofungua bustani yao karibu na Paris Aprili 1992, walijikuta katika hasara kubwa iliyowalazimu kuyapanga upya madeni yao mwaka 1994, na waliona heri kuruhusu mvinyo mezani mwaka 1993 baada ya kuwanyima Wafaransa kinywaji chao cha desturi. Iwapo mabingwa wa kazi hiyo, wakiwa katikati ya Ulaya tajiri, waliteleza kwa kutomjua mgeni wao, seuze sisi?

Kuna wanaojibu kwamba Orlando nayo ilikuwa mabwawa na malisho kabla ya mwaka 1971, na kwamba mtaji mkubwa huzaa soko lake wenyewe. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau kilichoizunguka Orlando: taifa la watu zaidi ya milioni 200, wengi wao wenye magari na likizo yenye malipo, na barabara kuu zilizokuwa zimekwisha kukutana hapo. Soko lilikuwepo. Lilikosa tu mahali pa kwenda.

Limebaki jambo ambalo wapangaji hulitaja mwishoni, nami naliona kuwa ndilo la kwanza. Ni maji na ardhi. Mombasa haina mto wake wa kuinywesha. Maji yake husafiri kutoka chemchemi za Mzima huko Taita-Taveta, umbali wa zaidi ya kilomita 200, kutoka Baricho katika kaunti ya Kilifi, na kutoka Marere na Tiwi katika Kwale. Mitaa mingi hununua maji kwa mtungi kutoka kwa msukuma mkokoteni. Bustani kuu, pamoja na mabwawa yake ya kuteleza na hoteli zake, itakunywa kutoka mfereji huo huo. Na ardhi ya ekari mamia itapatikana wapi, kama si kwa wale wanaoitwa maskwota katika mashamba waliyozikwa babu zao? Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Kilifi aliniuliza darasani: “Mwalimu, bustani hiyo ikijengwa kwetu, mimi nitakuwa mwenyeji au mgeni?” Nakiri kwamba sikuwa na jibu la haraka. Kijana aliyeondolewa shambani kisha akapewa kazi ya kufagia njia za wageni ameajiriwa, hilo ni kweli, lakini hatuwezi kusema amefaidika kabla ya kuhesabu alichopoteza.

Je, haya yana maana kwamba watoto wetu hawastahili burudani? Hasha. Nadhani tumekosea kipimo. Tazama Bamburi. Mwaka 1971, katika machimbo ya matumbawe yaliyoachwa yakiwa jangwa jeupe na kiwanda cha saruji, René Haller alianza kupanda mivinje na kuwatumia majongoo kuyageuza majani yake kuwa udongo. Polepole pakawa msitu, wanyama wakaletwa, na umma ukafunguliwa milango. Mwishoni mwa mwaka 2004 mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi akapelekwa huko, akamganda kobe mkongwe aitwaye Mzee kana kwamba ndiye mama yake. Hadithi ya Owen na Mzee ilienea dunia nzima, nayo haikuhitaji mtambo wowote. Ilihitaji mahali palipotunzwa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Pwani haina upungufu wa hadithi. Ina Fumo Liyongo na Mekatilili wa Menza. Ina twiga aliyesafirishwa kutoka Malindi akafika Uchina mwaka 1415. Ina Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ina makaya ya Wamijikenda, na ina magofu ya Gedi yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2024. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisimulia hadithi hizi kwa namna itakayomfanya mtoto wa Kisauni amvute babake mkono. Fedha za jitu moja la chuma zingetosha kujenga bustani ndogo ndogo za hadithi, kila moja kando ya mahali hadithi ilipozaliwa, zikikua kadiri wageni wanavyoongezeka, na wenyeji wakiwa na hisa katika kiingilio wala si ufagio peke yake. Kipimo changu ni chepesi: mtoto wa shule ya msingi ya umma ya Ganze au Msambweni aweze kuingia na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo bila mzazi wake kukopa. Atakayelipa kidogo mara kumi ni nguzo imara kuliko atakayelipa kikubwa mara moja.

Wataalamu watakapoleta michoro yao ya rangi, tusikimbilie kuuliza gurudumu litakuwa na urefu gani. Tuwaulize maji yatatoka wapi, ardhi ni ya nani, na nani atakuja Jumanne ya mwezi wa Mei mvua ikinyesha. Wasipoweza kujibu, heri tubaki na pembea zetu za Makadara. Hizo hujua wakati wa kuja na wakati wa kuondoka, na hazijamwachia mtu deni.