Reli Mezani: Jinsi ya Kujenga na Kuwasha Taa za Reli ya Mfano

Ramani ya reli za Tanzania ina pengo kubwa upande wa kusini. Reli ya Tanga, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893, hupita kaskazini. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hukata nchi katikati. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, huelekea kusini-magharibi hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, umbali wa kilometa 1,860. Mkazi wa Mbesa, katika Wilaya ya Tunduru mkoani Ruvuma, atakaye kupanda treni hana budi kusafiri kwanza hadi Songea, kisha Njombe, ndipo aifikie stesheni ya TAZARA iliyoko Makambako.

Hata hivyo, kutokuwapo kwa reli si sababu ya kutoijua sayansi yake. Mtoto wa kijijini aliyewahi kukunja waya na kukata kopo akaunda gari la kuchezea lenye magurudumu ya kandambili chakavu, amekwisha kushika nusu ya ufundi unaohitajika. Makala haya yanaeleza jinsi wanafunzi wa shule yoyote iliyoko mahali kama Mbesa wanavyoweza kujenga stesheni ndogo juu ya meza na kuiwashia taa. Lengo si mchezo peke yake. Reli ya mfano iliyojengwa kwa vipimo sahihi ni maabara, nayo hujibu maswali ambayo picha haiwezi kuyajibu.

Skeli kwanza

Kinachotofautisha mfano na kitu cha kuchezea ni uwiano. Kwa wanaoanza tunapendekeza skeli ya 1:50, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: kila meta moja ya kitu halisi huwa sentimeta 2 mezani. Mlango wa meta 2 utakuwa na sentimeta 4. Mtu mzima mwenye kimo cha meta 1.7 atakuwa na milimeta 34. Behewa la meta 20 litakuwa na sentimeta 40.

Nafasi kati ya reli mbili nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Katika Reli ya Kati ya zamani nafasi hiyo ni milimeta 1,000, kwa hiyo katika mfano itakuwa milimeta 20. TAZARA ina milimeta 1,067, yaani milimeta 21 mezani. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ina milimeta 1,435, ambazo mezani ni karibu 29. Mwanafunzi akizitengeneza njia hizi tatu bega kwa bega, ataona mara moja kwa nini behewa la reli moja haliwezi kuhamia kwenye reli nyingine vivi hivi.

Skeli pia humfundisha fundi unyenyekevu. Reli yote ya TAZARA ingehitaji meza yenye urefu wa kilometa 37. Daraja la Mto Mpanga, ambalo nguzo zake zina urefu wa takriban meta 50, lingesimama meta moja juu ya meza. Kona iliyo sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha meta 200 ingedai meta 4, nafasi ambayo madarasa mengi hayana. Kwa hiyo fundi huchagua stesheni moja na kufupisha mengine yote, ilimradi ajue alichokifupisha na kiasi gani.

Uzito, mwendo na mteremko

Wengi hushangaa kuona kichwa chao cha treni, kilichotengenezwa kwa kopo, kikizungusha magurudumu bila kusogea. Sababu imo katika hesabu. Urefu ukigawanywa kwa 50, ujazo hugawanywa kwa 50 mara tatu, yaani kwa 125,000. Kichwa cha treni chenye tani 100 kinapaswa kuwa na gramu 800 mezani. Kopo tupu halifikii hata robo ya uzito huo, hivyo magurudumu hukosa mshiko. Dawa ni kubeba betri nne kubwa za tochi ndani ya kichwa hicho na kukijaza mchanga hadi uzito utimie.

Njia yenyewe hutengenezwa kwa waya mnene ulionyooshwa na kupigiliwa juu ya mataruma ya mianzi. Magurudumu ni washa za chuma zilizobanwa kwa nati: moja yenye kipenyo cha milimeta 20 kukanyaga reli, na nyingine kubwa kidogo upande wa ndani kulizuia gurudumu lisitoke njiani. Mota ya kaseti mbovu inatosha, mradi ukanda wa mpira utoke puli ndogo kwenda puli kubwa ili kupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Treni iendayo kilometa 50 kwa saa inapaswa kupita mezani kwa sentimeta 28 tu kila sekunde. Mfano unaokwenda mbio kuliko hapo haufanani na treni yoyote.

Sasa inua mwisho mmoja wa njia kwa sentimeta 2 katika kila meta. Mwinuko huo ni mdogo sana hata jicho halishtuki, lakini behewa lenye magurudumu mazuri litaanza kuteremka lenyewe, polepole, kisha kwa kasi. Si jambo la kupuuza. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni bila breki na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Mwanafunzi aliyelishuhudia behewa la gramu chache likiongeza kasi mezani hataiona breki kuwa ni jambo dogo.

Majengo

Kwa stesheni ya kubuni ya Mbesa inatosha kujenga jengo la stesheni, ghala la korosho, nyumba nne za wafanyakazi na jukwaa la abiria. Kuta ni za maboksi magumu, zilizopakwa gundi na kunyunyiziwa udongo mwekundu uliochekechwa. Paa la bati lina mawimbi yaliyoachana kwa takriban milimeta 76. Mezani hiyo ni milimeta moja na nusu, karibu sawa na nafasi ya meno ya kitana chembamba. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ikikandamizwa juu ya kitana hutoa bati ambalo mtazamaji hatalitilia shaka. Miti ya porini huundwa kwa vichwa vya nyasi zilizokauka.

Taa na hesabu yake

Hapa ndipo reli nyingi za mfano hushindwa. Zamani mtu alikuwa na balbu za tochi tu, kila moja ikinywa mkondo wa takriban ampea 0.3. Balbu kumi ziliunguza ampea 3, na betri nzuri ilikufa kabla ya mgeni kumaliza kutazama. Leo ziko diodi zitoazo mwanga, ambazo madukani huitwa taa za LED. Diodi ya rangi ya buluu ndiyo iliyowezesha mwanga mweupe, na wavumbuzi wake, Akasaki, Amano na Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Nyingi zinaweza kupatikana bure ndani ya tochi na taa za sola zilizoharibika.

Diodi nyeupe huhitaji karibu volti 3. Betri nne za volti 1.5 zikiungwa mfululizo hutoa volti 6. Volti 3 zinazobaki lazima zipokewe na kikinza, ambacho mafundi redio hukiita rizista. Bila hicho diodi huungua mara moja. Tukitumia kikinza cha omu 1,000, mkondo utakuwa 3 kugawanya kwa 1,000, yaani miliampea 3. Mwanga huo unatosha kabisa chumba cha mezani. Taa kumi zitatumia miliampea 30, sehemu moja tu katika mia ya zile balbu za zamani. Betri yenye uwezo wa ampea-saa 5 itaziwasha kwa zaidi ya saa 150.

Kila diodi iwe na kikinza chake, na zote ziungwe sambamba. Zikiungwa mfululizo, volti 6 hazitatosha taa kumi. Tena moja ikifa, mji mzima huingia gizani.

Baada ya umeme kuna swali la macho. Diodi ya kawaida ina kipenyo cha milimeta 5. Kwa skeli yetu hilo ni tufe la sentimeta 25, ukubwa wa chungu kinachoning'inia darini! Kwa hiyo taa isionekane. Ifichwe juu ya dari, madirisha yazibwe kwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta, na kuta zipakwe rangi nyeusi kwa ndani ili mwanga usipenye kwenye boksi. Kipande cha karatasi ya peremende ya njano kitaupa mwanga rangi ya kandili. Usiwashe kila dirisha: katika kijiji cha kweli wengine wamelala.

Tahadhari ni tatu. Kibatari au mshumaa usiingizwe kamwe ndani ya nyumba ya boksi. Umeme wa nyumbani wa volti 230 usiguse meza hii. Atakayetumia betri ya sola atie fyuzi, maana nyaya zake zikigusana hupata moto mara moja.

Ishara isiyodanganya

Taa yenye maana kubwa kuliko zote ni ile ya ishara. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya njia ya kuifanya treni ijitangaze yenyewe. Kipande cha njia hutengwa na vipande jirani. Mwisho mmoja huwekwa betri, na mwisho mwingine rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Njia ikiwa tupu, mkondo hupita reli moja, hufika kwenye rilei na kurudi kwa reli ya pili. Swichi huvutwa na taa ya kijani huwaka. Treni ikiingia, mihimili yake ya chuma huziunganisha reli mbili, rilei hunyimwa umeme, swichi huachia na taa nyekundu huwaka.

Sakiti hii inaweza kujengwa mezani kwa rilei ndogo iliyotolewa kwenye kifaa kibovu, pamoja na kikinza kidogo cha kuilinda betri. Baada ya kuijenga, kata waya mmoja wa njia. Taa itageuka nyekundu. Toa betri ya njia: nyekundu tena. Huo ndio ubora wake: mtambo ukiharibika, huharibika kwa upande wa usalama. Fundi angeweza kuunda sakiti nyepesi zaidi ambamo treni huwasha nyekundu moja kwa moja, lakini waya ukikatika katika sakiti hiyo, hatari ingekuwapo na taa isingesema neno.

Ghala litajaa nini?

Stesheni ikikamilika, swali moja hubaki. Mwishoni mwa miaka ya 1940 reli ilijengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea ili kubeba mazao ya Mpango wa Karanga. Karanga hazikustawi kama ilivyotarajiwa, mpango ukaachwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962 na kung'olewa. Kwa miaka mingi sasa serikali imekuwa na mpango wa reli nyingine, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga.

Wanafunzi na walijaze ghala lao la mezani kwa hesabu. Behewa la kubeba tani 40 humeza magunia 500 ya korosho, kila moja likiwa na kilo 80. Treni ya mabehewa 20 humeza magunia 10,000. Je, wilaya yao huvuna treni ngapi kwa msimu, na miezi mingine mabehewa yatabeba nini? Maswali haya ndiyo yaliyoamua maisha ya reli ya Nachingwea. Ni afadhali yaulizwe mapema, mbele ya meza yenye taa kumi, na watu ambao siku moja huenda wakaombwa kutoa mashamba yao ili reli ipite.