Iliki Imeisha, Pilau Bado Inaiva

Mwanangu, kuishi Buxton ni kukaa katikati ya masoko mawili makali. Ukivuka daraja la Nyali, uko Kongowea. Ukishuka Digo Road, uko Marikiti, soko la tangu 1914, na maduka ya viungo hapo yanakushika pua kabla hujashuka mat. Sasa mbona wasee wa magorofani wakikosa kiungo kimoja wanaingiza baridi na kuagiza chipsi?

Nikuchanue. Uliza kiungo kinafanya kazi gani kwa sufuria, kisha tafuta kingine cha kazi hiyo. Ukwaju uko kwa mchuzi wa samaki kuleta ukali. Umeisha? Tupia embe bichi mapema, liive na mchuzi. Ndimu pia iko sawa, ila hiyo kamulia mwisho, moto ukishazimwa. Kungumanga hakuna? Basibasi inabeba, maana zote mbili zinatoka tunda moja: basibasi ni ule utandu mwekundu unaoshika kokwa.

Kwa pilau, mdosi ni uzile. Ukiwa nao, na mdalasini na karafuu, iliki ikikosa bado utamanga pilau fiti. Uzile ukikosa, wacha kulazimisha, pika wali wa nazi. Na usijaribu kuziba pengo la iliki kwa karafuu kibao, msosi utanuka kama kwa daktari wa meno. Karafuu mbili tatu zinatosha sufuria ya mbogi ndogo.

Dania ndio huchanganya wengi. Mbegu na majani ni mmea mmoja, kazi mbali mbali. Mbegu zinaingia na kitunguu mwanzo, majani yanamwagwa juu mwisho. Kachumbari haitaki unga wa mbegu hata siku moja.

Zafarani nayo ni doo ndefu, na sababu iko. Ua moja linatoa nyuzi tatu tu, zinachumwa kwa mkono, na kilo moja inakula maua kama laki na nusu. Manjano itakupa rangi ya biriani, ile harufu haikupi. Itumie bila aibu ukiwa umesota, lakini waambie wageni ni manjano. Kuwauzia watu rangi ukiiita zafarani ni wizi.

Kitu moja sibadilishi: iliki kwa mahamri. Bila iliki hiyo ni andazi, na mbaazi za nazi zinastahili heshima. Iliki ikiisha, ngoja upate ganji.

Kwa hivyo wikendi hii shuka Marikiti na hiyo soo yako. Sema upimiwe kidogo kidogo, viungo vizima, si vya unga, maana unga ukikaa kwa kabati harufu inaishia. Kaanga kavu kwa moto mdogo, twanga siku ile ile unapika.