Je, Wajua? Kodi za Gitaa, Kutoka Kapkatet Hadi Toronto

Kodi ya gitaa ni noti kadhaa zinazolia pamoja. Noti zilezile tatu zaweza kupangwa kwa njia nyingi ajabu, na hakuna wanaofurahia mchezo huo kama wapigaji wa metali ya progresivu, ule muziki mzito wa midundo inayobadilika ghafla. Ukiwa Londiani na gitaa mkononi, haya ni yako.

Mpiga gitaa wa Mississippi aliimbwa Kapkatet
Mpiga gitaa huyo, Jimmie Rodgers, alifariki New York mwaka 1933. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, upande wa pili wa Kericho, na mashine yake ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia habari za Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Chemirocha huyo ni Rodgers mwenyewe, aliyeingia nchi ya majani chai kwa njia ya santuri! Waliimba wakisindikizwa na ala ya nyuzi ya Kipsigis, isiyo na freti hata moja. Kwenye ala ya namna hiyo kila uzi una noti yake tu, kwa hiyo utamu wote huamuliwa mapema, wakati wa kukaza nyuzi. Wapigaji wengi wa metali nao huanzia hapo hapo: kabla ya kutafuta kodi mpya, hubadilisha tuni ya gitaa.

Ajali ya kiwandani iliteremsha sauti ya muziki mzima wa metali
Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda, Birmingham, akiwa na miaka 17. Alijitengenezea ncha za plastiki na ngozi, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Kwenye albamu ya Master of Reality ya 1971, baadhi ya nyimbo zina gitaa lililoshushwa nusu-toni tatu, yaani freti tatu. Nyuzi hizo zilizolegea ndizo zilizozaa ngurumo ambayo vijana wa leo huitafuta kwa gitaa la nyuzi saba au nane.

Amplifaya hupiga noti ambayo hujaipiga
Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Piga E ya uzi wa sita, yenye mitetemo 82 hivi kwa sekunde, pamoja na B iliyo juu yake, yenye mitetemo 123. Amplifaya ikiikwaruza sauti hiyo, hutokea noti ya tatu ya mitetemo 41, yaani 123 ukitoa 82. Hiyo ni sawa na uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, na hakuna kidole kilichougusa! Ndiyo maana kodi yenye noti mbili tu hujaza ukumbi.

Sasa ongeza G#, noti inayoifanya kodi iwe meja, karibu na hizo mbili huko chini. Sauti zitabanana kama abiria 18 ndani ya matatu ya 14. Dawa yake ni kuihamisha G# hiyo: acha E ya uzi wa sita ilie wazi, kisha ubane freti ya kwanza ya uzi wa tatu. Noti ni ileile, ila imepanda oktava nzima, na kila sauti inasikika peke yake hata amplifaya ikikwaruza.

Noti moja ina makao matano
E ya uzi wa kwanza ukiwa wazi inapatikana pia freti ya 5 ya uzi wa pili, ya 9 ya uzi wa tatu, ya 14 ya uzi wa nne na ya 19 ya uzi wa tano. Gitaa likiwa na freti 24, uzi wa sita nao unayo.

Nyuzi mbili jirani zikigombana, kodi inang'aa
Alex Lifeson wa Rush, bendi ya Toronto, ana kodi iliyofungua albamu ya Hemispheres mwaka 1978. Kuanzia uzi wa sita, bana freti 2, 4, 4 na 3, kisha acha nyuzi mbili za mwisho zilie wazi. Uzi wa tatu unatoa A# na wa pili B, noti zilizopishana nusu-toni tu. Zikigongana, husikika mng'ao mkali ambao kodi ya kawaida haina.

Uzi mmoja mwembamba, gitaa jipya
Wanamuziki wa Kongo walivumbua mi-composé: toa uzi wa nne, weka mwembamba unaolia noti ileile oktava moja juu. Vidole havibadiliki, lakini kila kodi inatoka na mpangilio mpya.




Vidole viwili vyatosha
Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco alirekodi wimbo "Masanga" mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi, Kongo, akipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Gumba lilishika besi, shahada ikacheza juu, na msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Tosin Abasi wa bendi ya metali ya progresivu Animals as Leaders, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, naye hulitegemea sana gumba kwenye gitaa lake la nyuzi nane. Ukitaka kuanza leo, ipige kodi ya Lifeson kwa mtindo wa Bosco: gumba kwenye uzi wa sita, shahada kwenye wa tatu na wa pili, polepole, uisikie ile nusu-toni.