Lahajedwali au Kanzidata? Uhifadhi wa Data ya Leksikografia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mtafiti arudipo kutoka uwandani na madaftari yaliyojaa msamiati wa uvuvi, ufinyanzi au tiba za jadi, swali la kwanza linalomkabili si la kinadharia. Ni swali la mahali pa kuyaweka maneno hayo. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kadi: kidahizo kimoja, kadi moja, na makasha ya kuzipanga kwa alfabeti. Siku hizi jibu la wengi ni lahajedwali, yaani programu ya aina ya Excel yenye safu mlalo na safu wima. Na aghalabu uteuzi huo hufanywa bila kufikiriwa, kwa sababu tu programu hiyo imo tayari katika kompyuta. Njia nyingine ni kanzidata, ambayo baadhi ya waandishi huiita hifadhidata. Makala haya yanashikilia kwamba uamuzi baina ya njia hizi mbili hautegemei sana wingi wa data, kama inavyodhaniwa, bali umbo lake; na kwamba data ya kamusi ya Kiswahili, kwa umbo lake, hukataa kukaa katika jedwali moja.

2.0 Asili ya Zana Hizi

Lahajedwali ilizaliwa katika uhasibu. VisiCalc, iliyotungwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kutolewa mwaka 1979, iliiga karatasi ya mistari ya mhasibu: badilisha tarakimu moja, na jumla zote zinazoitegemea hubadilika papo hapo. Kanzidata za uhusiano zina nasaba tofauti. Zinatokana na makala ya Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, iliyochapishwa mwaka 1970. Katika mfumo huo habari hugawanywa katika majedwali kadhaa yanayounganishwa kwa namba za utambulisho, na muundo ukiwa mzuri kila jambo huandikwa mara moja tu. Ya kwanza ilikusudiwa kukokotoa. Ya pili ilikusudiwa kutunza na kuulizwa.

3.0 Umbo la Kitomeo

Chukua nomino mkono. Ni kiungo cha mwili. Ni sehemu ya shati. Ni kipimo cha urefu. Katika lahajedwali mtunzi ana njia mbili, na zote zina dosari. Anaweza kuongeza safu wima za “maana ya 1”, “maana ya 2” na “maana ya 3”, ambazo zitabaki tupu kwa maneno mengi na bado hazitatosha kwa machache. Au anaweza kuirudia safu mlalo ya mkono mara tatu, pamoja na ngeli yake, wingi wake na matamshi yake. Akigundua baadaye kuwa wingi umeandikwa vibaya, atausahihisha mara tatu. Akisahau mara moja, faili lake litakuwa na kauli mbili zinazopingana, na hakuna kitakachomwonyesha ipi ni sahihi.

Homonimia huongeza ugumu. Kaa ni kitenzi, kaa ni kiumbe wa pwani, na kaa ni kipande cha moto ambacho wingi wake ni makaa. Hivi ni vidahizo vitatu, si maana tatu za kidahizo kimoja. Kamusi huvipambanua kwa namba. Lahajedwali huviona kuwa herufi zilezile. Tena kitenzi huja na minyambuliko yake, kama vile kalia na kalisha, na kila mnyambuliko waweza kuwa na maana zake, na kila maana mifano yake, na kila mfano mzungumzaji aliyeutoa. Katika kanzidata jedwali la vidahizo, la maana, la mifano na la watoataarifa husimama mbalimbali na kuunganishwa. Swali kama “ni nomino zipi za ngeli ya 5/6 zilizotolewa na wazee wa Pemba na zenye maana zaidi ya moja?” huwa sentensi moja ya lugha ya kuulizia. Katika lahajedwali huwa kazi ya siku nzima ya kuchuja na kunakili.

4.0 Hasara Isiyojitangaza

Hatari kubwa ya lahajedwali ni kwamba huharibu data kimyakimya. Mwanaisimu anayeandika 3/4 kuonyesha ngeli ya mti na miti huona seli ikiigeuza kuwa tarehe: tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi, kutegemea kompyuta imepangwa kwa desturi ya Uingereza au ya Marekani. Kilichohifadhiwa ndani si ngeli tena, bali hesabu ya siku kuanzia mwaka 1900. Ngeli za 1/2, 5/6, 7/8, 9/10 na 11/10 hupatwa na yayo hayo, seli zisipotangulizwa kupangwa kuwa za matini.

Wanajenetiki wamekwisha kulipa gharama hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Genome Biology ulikuta makosa ya namna hii katika takriban moja ya tano ya makala zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel, na mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza mabadiliko ya baadhi ya majina, MARCH1 likawa MARCHF1, ili programu isiyageuze. Mwaka huohuo, nchini Uingereza, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 waliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa kuwa muundo wa zamani wa mafaili ya Excel hauchukui zaidi ya safu mlalo 65,536. Kwa mwanaleksikografia hasara ya kawaida ni ndogo zaidi na mbaya zaidi: kupanga upya safu wima moja kwa alfabeti na kuziacha nyingine zilipo. Maneno hubaki yote, fasili hubaki zote, lakini hakuna neno lililo na fasili yake.

Rangi nayo ni mtego. Watafiti wengi hutia njano maneno wanayoyashuku. Faili linapohamishwa kuwa matini tupu rangi hutoweka, na shaka hutoweka pamoja nayo. Shaka ni habari. Inastahili safu wima yake.

5.0 Uteuzi

Haya hayamaanishi kwamba lahajedwali haifai. Kwa orodha ya marudio ya maneno katika matini, kwa majibu ya hojaji yenye jibu moja kwa kila swali, au kwa orodha ya msamiati ya kulinganisha lahaja, ambapo kila dhana ina neno moja kwa kila lahaja, hakuna zana bora zaidi. Kanzidata hudai gharama mwanzoni: lazima mtunzi aamue kidahizo ni nini na maana ni nini kabla hajaingiza neno la kwanza, na wengi hukwama hapo. Programu mahususi za kamusi, kama vile TLex na FieldWorks, hupunguza mzigo huo kwa kuja na muundo uliokwisha kufikiriwa, ingawa muundo huo haukubuniwa kwa ajili ya Kiswahili pekee.

Dalili ya kuhama ni rahisi kuitambua: ni siku mtunzi anapoandika kidahizo kilekile katika safu mlalo ya pili. Kinachorahisisha kuhama ni kuwa kila kidahizo na kila mtoataarifa alipewa namba yake isiyobadilika tangu mwanzo, hata kama ni katika daftari. Aliyefanya hivyo atahamisha kazi yake bila kuandika upya neno hata moja. Asiyefanya atalazimika kuzisoma safu mlalo zote tena, akijiuliza kwa kila mfano ni kaa gani iliyokusudiwa.