DODOKI: MMEA WA UANI TUNAOUSAHAU

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Kabla sijaenda mbali nauliza swali moja: leo asubuhi ulipokoga kabla ya kuja shule, ulijisugua kwa nini? Najua wengi mtasema ni kwa ile sponji ya nailoni ya rangi rangi ya dukani. Mimi nilijisugua kwa dodoki. Msinicheke! Someni kwanza hadi mwisho, huenda na nyinyi mkatafuta mbegu.

Dodoki ni nini?

Dodoki ni tunda la mdodoki, mmea utambaao ulio wa jamaa moja na tango, boga, mumunye na tikiti. Wataalamu wa mimea wauita Luffa, jina litokanalo na neno la Kiarabu. Tunda likiwa changa huwa la kijani kama tango refu. Likikomaa na kukauka, nyama yake yote hunyauka na kubaki wavu wa nyuzi ngumu zilizosukana. Wavu huo ndio dodoki la kukogea. Wako watu wadhanio kuwa latoka baharini kama sifongo. La hasha! Sifongo ya baharini ni mnyama, na dodoki laota hapa hapa uani, hata nyuma ya choo.

Aina zijulikanazo sana ni mbili. Kuna lenye ngozi laini, ambalo ndilo zuri kwa kukogea, na kuna lenye migongo migongo, ambalo hupikwa mboga likiwa changa. Wahindi wetu huliita turia.

Namna ya kupanda

Kwetu Likoni twapanda masika yanapoanza, kama mwezi wa Aprili. Mbegu zake ni bapa na zina ganda gumu, kwa hivyo ziloweke usiku mmoja. Chimba mashimo yaliyoachana kama mita moja, tia samadi ya mbuzi iliyooza, manake mchanga wetu wa pwani haushiki maji wala hauna nguvu. Tia mbegu mbili au tatu kila shimo, kina cha inchi moja tu. Baada ya wiki moja au mbili zitachipua. Acha mche ulio na afya, ng'oa mingine. Usimwagilie maji ya kisima chenye chumvi, utaudhoofisha.

Mdodoki wataka pa kupanda juu. Ua, chanja ya fito au mti, vyote vyafaa. Tunda likining'inia hunyooka. Likilala chini hupinda na kuoza.

Maua yake ni ya manjano, mengine dume na mengine jike, yote katika mmea mmoja. La jike utalijua kwa kijitunda kidogo kilicho nyuma yake. Maua dume huanguka baada ya kuchanua, basi usidhani mmea wagonjwa. Nyuki ndio wapelekao chavua kutoka ua dume hadi ua jike, kwa hivyo ukipuliza dawa ya wadudu ovyo ovyo, utawaua wafanyakazi wako mwenyewe.

Kosa langu

Sasa nitawasimulia yaliyonipata ili mjifunze kwangu. Mwaka jana bibi yangu alipanda mashina mawili akaniachia mimi kuyatunza. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Tuliagana kuwa madodoki yakiuzwa, nusu ya pesa nitanunua vitabu na nusu atanunua dawa yake ya presha. Mbegu zenyewe alipewa na mamake siku alipoolewa, na tangu hapo hajakosa kupanda.

Mwezi wa Agosti nikahesabu madodoki kumi na manne, makubwa ya kupendeza. Tamaa ikanishika. Nikasema, ya nini kungoja? Nikakata kumi na moja yakiwa kijani, nikayaanika juu ya mabati. Baada ya siku chache yaligeuka meusi, yakatoa maji na harufu mbaya. Nyuzi za ndani zilikuwa bado teketeke. Hata mbegu zilikuwa nyeupe na laini, haziwezi kuota.

Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mbegu je, mjukuu wangu?" Sikuwa na la kujibu. Katika matatu yaliyosalia, moja lilichomwa na nzi wa matunda likaoza. Mawili yalikuwa yamepanda juu kabisa ya mwarobaini, na yaliniponyoka kwa sababu mkono wangu haukuyafika. Hayo mawili tuliyangoja hadi Oktoba, na ndiyo yaliyookoa mbegu ya bibi. Nilizihesabu mwenyewe: 94. Lakini mwaka huo hatukuuza hata dodoki moja. Hakika haraka haraka haina baraka.

Basi zijueni dalili za dodoki lililo tayari: kikonyo kimekauka, ganda limekuwa la hudhurungi, tunda ni jepesi ajabu, na ukilitikisa mbegu zalia ndani kama kayamba. Hapo likate, lifungue mwisho mmoja, zimwage mbegu, kisha liloweke majini. Ganda litavuka lenyewe. Lioshe mpaka ule utelezi uishe, ukalianike juani.

Matumizi yake

Kazi ya kwanza ni kutoa nongo mwilini. Pia lasugua sufuria bila kuzikwaruza sana, na vipande vyake bapa hutiwa ndani ya viatu. Wengi hawajui kuwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili, nchi za ng'ambo zilitumia madodoki kama machujio katika injini za meli! Likiwa changa laweza kupikwa, lakini onja kidogo kwanza. Likiwa chungu litupe, kwa maana uchungu huo waweza kukuumiza tumbo.

Hata hivyo dodoki lataka usafi. Mwaka 1994 watafiti wa New York walionyesha kuwa dodoki lililowekwa likiwa majimaji hukuza viini viwezavyo kuambukiza ngozi. Kwa hivyo kila mtu awe na lake, likamuliwe na kuanikwa juani baada ya kukoga, na libadilishwe kila baada ya wiki tatu au nne. Lililochakaa litupeni shambani, litaoza liwe mbolea.

Sponji ya nailoni haiozi. Hukatika vipande, ikaingia mitaroni, na mvua ikinyesha huishia baharini, huko huko tunakovua samaki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, lakini sponji haikuguswa. Hilo basi ni juu yetu sisi wenyewe.

Hitimisho

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Masika haya tumepanda tena, na safari hii bibi huketi chini ya mwarobaini akanichunga nisije na kisu! Mbegu nyingine nimeziweka ndani ya chupa kavu. Anayetaka anione darasani wakati wa mapumziko. Siuzi. Sharti langu ni moja tu: zako zikizaa, na wewe umpe mwenzako, ili siku yangu ikiharibika tena nijue pa kuomba.