Damu ya mtoto na mkono wa mzazi

Mama mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alinijia baada ya sala ya Alasiri na mwanawe wa miaka 4. Mtoto huwauma wenziwe, hutupa vyombo, na hatulii chuoni. Akasema: "Sheikh, hii ni damu ya babake. Nimempiga hadi nimechoka."

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Wakasema pia mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Lipi la kweli?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha yote mawili. Bedui aliyeshangazwa na rangi ya mwanawe aliulizwa habari za ngamia wake, kisha akafahamishwa kuwa huenda mtoto amevutwa na asili ya mbali katika nasaba. Na katika Hadithi nyingine tumefundishwa kuwa kila mtoto huzaliwa katika fitra, kisha wazazi humwelekeza. Zote zimepokewa na Bukhari na Muslim.

Elimu ya vinasaba nayo imefika karibu na hapo. Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni. Mwaka 2002 Avshalom Caspi na wenzake walieleza kuwa wavulana wenye aina dhaifu ya kinasaba kiitwacho MAOA, walipoteswa utotoni, walielekea zaidi kwenye ujeuri na uhalifu. Wenye aina hiyohiyo waliolelewa bila mateso hawakuelekea huko. Mwaka 2008 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionesha upande wa pili: wazazi walipofundishwa malezi ya upole yenye msimamo, ukorofi ulipungua zaidi kwa watoto wenye aina fulani ya kinasaba kingine. Hata hivyo, hakuna kinasaba kimoja kinachomhukumu mtoto.

Funzo ni kwamba mtoto mgumu ndiye anayehitaji upole zaidi, wala si fimbo zaidi. Nasi fimbo hatuna uhaba nayo: utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionesha kuwa takriban robo tatu ya vijana walipata kipigo au ukatili wa mwili kabla ya miaka 18.

Nilimnasihi mama yule: amri ziwe chache na zisibadilike, sauti iwe ya chini, mtoto asifiwe akitenda jema, na baba ashiriki. Hali ikiendelea, ampeleke kwa daktari. Damu hatukuichagua, mkono ni wetu, na ndio tutakaoulizwa.

Wabillahi Tawfiq.